Sentimita Thelathini Kutoka Mfunikoni

Pale Masasi watu walisema Baba Winfrida hapimi kwa jicho. Jina lake lilikuwa Ambrosi, na tepu ya kupimia haikutoka mfukoni mwake hata akienda kanisani. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika karakana ya shirika la umma, mpaka shirika lilipouzwa; mnunuzi akachukua mashine, akaacha watu. Tangu hapo Ambrosi alichomelea mageti na madirisha nyumbani kwake, na kila kiangazi alipanda Newala kuwajengea watu visima vya kuvunia maji ya mvua.

Mwaka 1996 mkandarasi mmoja binafsi alipewa kazi ya kubadilisha nyaya kwenye kituo cha pampu cha Newala. Nyaya zilipita ardhini, na kila zilipoungana palijengwa chemba, yaani shimo la saruji lenye kina cha sentimita mia na ishirini, juu yake mfuniko mzito. Ndani ya chemba, maungio ya umeme yalikaa kwenye kisanduku cha chuma, na kisanduku kilipaswa kushikwa ukutani na breketi. Chemba zilikuwa sita. Mhandisi wa kampuni, kijana aliyeitwa Erasto, alishuka Masasi kutafuta fundi wa breketi, akaelekezwa kwa Ambrosi.

"Mchoro unaweza kuusoma, mzee?"

"Mwanangu, mimi nimeanza kusoma michoro wewe ukiwa unanyonya."

Waliokuwapo wakacheka, Erasto naye akacheka. Ambrosi aliutazama mchoro mara moja, akaona tarakimu thelathini, akaukunja.

Breketi zenyewe alizitengeneza vizuri, na hilo hakuna aliyelibisha hata baadaye. Alikata chuma cha pembe, akachomelea, akasugua mpaka kingo zikawa laini, akapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Kisha akapanda nazo Newala na kuzifunga kwa boliti, kila moja sentimita thelathini kutoka sakafuni.

Mshale kwenye mchoro ulianzia mfunikoni. Lakini mtu aliyejenga visima Newala huanza kupima chini. Mwenye kisima cha mvua haulizi kimebaki kitupu kiasi gani. Anauliza maji yamefika wapi. Kwa miaka mitatu Ambrosi alikuwa amechora alama zake kutoka chini kwenda juu, na mkono wake ulikwenda ulikozoea.

Aliyeliona kosa hilo alikuwa mlinzi wa kituo, Mzee Ashiru, mtu mzima aliyemzidi Ambrosi miaka kumi. Siku ya mwisho ya kazi alichungulia ndani ya chemba ya sita, iliyokuwa kwenye kona ya nyumba ya pampu, akatikisa kichwa.

"Fundi, mbona nyaya zinaingilia juu ya kisanduku halafu zinapinda kuteremka? Hata sanduku la nguo hatuliweki karibu na sakafu."

"Mzee Ashiru," Ambrosi alisema, akikaza boliti, "wewe linda geti."

Vibarua walicheka kwa sauti. Ashiru alirudi getini. Jioni hiyo mkewe, Mwanaisha, ambaye wengi walimwita Mama Ziada, alimletea fundi jagi la maji anawe mikono, kama alivyofanya siku zote nne za kazi. Maji hayo yalitoka kwenye kisima chao, na ulikuwa mwezi wa Oktoba, kisima kikikaribia kukauka.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha katikati ya Desemba. Siku ya pili yake pampu ilizimika, na mji ukakaa siku kumi na moja bila maji ya bomba. Ambrosi aliletewa ujumbe apande haraka.

Kituoni alimkuta Erasto amekasirika, na Mzee Ashiru amesimama ubavuni mwa geti, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mzee Ashiru."

"Marahaba, Baba Winfrida."

"Huyu," Erasto alisema bila kumtazama mlinzi, "mke wake amegeuza chemba yangu kuwa kisima!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kisima cha Mwanaisha kilikuwa kimepasuka. Mfuniko wa chemba ya sita ulikuwa umevunjika kona, na maji ya bati la nyumba ya pampu yalimwagika hatua mbili kutoka hapo. Mwanaisha alipasua mwanzi, akauelekeza kwenye kona ile iliyovunjika, akashukuru Mungu.

"Mama Ziada, hukuona nyaya?" Ambrosi alimwuliza.

"Pale kona unaona giza tu, baba. Shimo la saruji, lina mfuniko. Huku kwetu shimo hilo ni la nini kama si la maji?" Alishusha macho. "Nilichota ndoo mbili saa tisa. Umeme ukakatika saa kumi."

Ambrosi aliitoa tepu mfukoni. Alivua viatu, akashuka chembani. Maji yalikuwa yamekwisha kutolewa, lakini yaliacha mstari wa tope jekundu kuzunguka kuta zote. Alipima. Mstari ulikuwa sentimita sitini kutoka sakafuni, na haukuweza kupanda zaidi, kwa sababu hapo ndipo bomba la nyaya lilipoingilia, na maji yakifika hapo yalipitia humo na kutoka nje. Aliyechora mchoro alikuwa amelifikiria jambo hilo. Kisanduku kilikuwa na urefu wa sentimita ishirini na tano. Kama kingening'inia thelathini kutoka mfunikoni, chini yake ingekuwa sitini na tano. Maji yangekikosa kwa sentimita tano.

Kwa jinsi alivyokifunga yeye, yalikifunika kwa sentimita tano.

Alipima tena. Alipima mara tatu, kama mtu anayetumaini tepu itamwonea huruma. Juu yake alisikia Erasto akisema kwamba mlinzi ataondoka leo hii, na nyumba ya kituo aiachie pamoja na mkewe.

Alipotoka, Erasto alimpa karatasi.

"Wewe ndiye fundi. Andika ulichokikuta, ili nikiambatishe kwenye taarifa."

Ambrosi aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni: Maji yaliingizwa chemba namba sita kwa mwanzi kutoka kwenye paa. Yalifika sentimita sitini. Maungio yaliloa, umeme ukakatika. Akatia sahihi. Hapakuwa na neno moja la uongo katika mistari ile, naye alilijua hilo kabla ya wino kukauka, na ndilo lililomfanya ashindwe kumtazama Ashiru.

Erasto aliichukua karatasi, akaingia nayo ofisini. Ambrosi alibaki amesimama, magoti na viganja vimejaa tope. Ndipo Mwanaisha alipokuja na jagi. Nyuma yake, mlangoni pa nyumba yao, magodoro yalikuwa yamekwisha kukunjwa.

"Nawa, Baba Winfrida."

"Mama, maji haya mmeyatoa wapi?"

"Bondeni. Nimetoka huko asubuhi." Aliinamisha jagi. "Leta mikono. Mgeni haondoki na tope."

Maji yalimgusa vidole. Ambrosi aliirudisha mikono nyuma kana kwamba yamemchoma.

"Subiri," alisema. "Usimwage."

Aliingia ofisini na tope lake. Alimwomba Erasto karatasi ile, na chini ya sahihi yake akaongeza, amesimama, akiacha alama za vidole pembeni: Breketi ya chemba hii, na zile tano nyingine, nilizifunga sentimita thelathini kutoka chini. Mchoro unataka thelathini kutoka mfunikoni. Zingefungwa ipasavyo, maji yasingefika. Mlinzi alinionya. Nilimdharau.

Erasto alisoma mara mbili. Akautoa mchoro kwenye jalada, akauweka mezani, akaufuata mshale kwa kidole.

"Mimi nami nilikagua, nikapitisha," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akakaza uso. "Hizo breketi utazihamisha zote sita. Baada ya hapo, mzee, sitakuita tena."

"Na mlinzi?"

"Atabaki. Mwanzi huo autupe, na kona ya mfuniko izibwe."

Kazi ilimchukua Ambrosi siku mbili. Kila chemba alipima kutoka mfunikoni, akapima tena kutoka sakafuni kuhakikisha. Ashiru alikuwa amekwisha kuelezwa kilichoandikwa. Hakuja kuchungulia. Alikaa kwenye kigoda chake, magodoro yake yakiwa yamerudishwa ndani.

Siku ya pili alasiri pampu ilinguruma. Ambrosi alikusanya vifaa vyake, akaenda getini, akasimama mbele ya mzee.

"Mzee Ashiru, nilikukosea. Ulisema kweli, nikakucheka mbele za watu. Halafu nikaandika, nikaficha kwamba ulinionya."

Ashiru alinyanyuka taratibu, akafungua geti.

"Pita, fundi. Gari la Masasi halisubiri."

"Hunijibu, mzee?"

"Nikujibu nini?" Ashiru aliushika mlango wa geti kwa mikono miwili. "Mimi kazi yangu geti."

Ambrosi alipita. Nyuma yake alisikia komeo likirudishwa, polepole, mpaka mwisho. Mikono yake ilikuwa bado na tope. Siku zote mbili jagi halikuletwa, na yeye hakuomba.