Mafundo ya Septimus Crole

Septimus Crole, mwanamazingaombwe mwenzangu hapa London, aliapa kuiba siri ya sanduku langu, ambalo hutoka ndani yake likiwa limefungwa kamba. Angeipata, ukumbi wa Hoxton ungemwajiri yeye, nami ningebaki bila jukwaa. Jumamosi hiyo nilipoita mtazamaji aje kunifungia sandukuni, kama ilivyo desturi yetu, alipanda yeye jukwaani, akiwa na ndevu za bandia. Nilimtambua kwa kidole chake kilichoungua kwa baruti.

"Karibu, mzee. Kufunga unajua?"

"Leo utalala humo, bwana mdogo!"

Watu wakacheka. Nikaingia, naye akalizungushia sanduku kamba kwa mafundo kumi na moja, jasho likimtoka. Zamani nilimshinda mbele ya watu kwa kufungua mafundo, na tangu siku ile hakuwaza kingine. Ndiyo maana hakuugusa ubao wa nyuma wa sanduku, ambao mimi huusukuma kwa goti tu.

Pazia likashushwa. Nilipotokeza mbele ya pazia, Crole alikimbilia sanduku, akapiga magoti na kukagua mafundo. Yote yalikuwa mazima.

"Umepitia wapi?" akanong'ona, ndevu zimemteleza hadi kifuani.

"Kagua tena, Septimus," nikamjibu, kisha nikawainamia watazamaji wangu.