Milioni Moja na Tisa

Kwa Mjomba chai haikutolewa bure. Simu unaiacha kwenye kapu mlangoni, unakaa, na kabla ya kikombe unapewa kipande cha karatasi na namba yako ya kugawanyia. Namba ya kugawanywa ilikuwa ile ile: milioni moja na tisa. Mjomba, mwalimu wa hesabu mstaafu, alitaka kujua kama ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Mwuza nyama alipewa saba, ikabaki tatu. Mimi, mpwa wake, kumi na tisa, ikabaki moja.

"Moja tu! Umeikosakosa, binti," Mjomba akasikitika, utadhani nimekosa mchumba.

Kinyozi alipewa mia mbili kumi na moja, ikabaki themanini, na ile namba yake ikamganda kama jina mpaka dukani kwake. Tulikuwa tunajazana mle, umbea huku, kugawanya kule.

Mke wa Mjomba alipewa mia mbili tisini na tatu. Aligawanya jikoni, akarudi na birika. "Imebaki tano."

Tukasonga mpaka mia tisa tisini na saba, ya mwisho iliyohitajika. Nayo ikagoma. Ni tasa! Vigelegele, kula, kwaheri. Na hatukurudi. Tungerudi kufanya nini?

Mjomba alipougua, viti vilikuwa vimebebanishwa pembeni, vumbi juu. Mchana mmoja tunambadilishia shuka, akasema, "Nikifa, fundi achonge ile namba kwenye jiwe langu. Chini yake aandike: tasa."

Mkewe aliikunja shuka, akaikunja tena. "Asichonge, mume wangu."

"Kwa nini?"

"Atapita mtoto na kikokotoo chake, akucheke umelala. Ile yangu haikubakiza kitu."

Mjomba alifumba macho. Kidole kikaanza kuandika juu ya blanketi, kikafuta, kikaandika tena. Nilisimama na mto mkononi, sijui niuweke wapi.

"Elfu tatu mia nne kumi na tatu," alisema mwishowe. "Kamili. Ulinidanganya, mama."

"Ungepata jibu, watu wangeacha kuja."

"Wameacha."

"Lakini walikuja mpaka mia tisa tisini na saba."

Mjomba aligeukia ukutani, na hata uji wa jioni hakuugusa.

"Kwa hiyo kwenye jiwe tuandike nini?" nikauliza, mdomo wangu huu.

"Jina linatosha," Mjomba akauambia ukuta.

Siku ya msiba nyumba ilifurika tena, viti vikashushwa, vikafutwa. "Mia Mbili Kumi na Moja! Umepotea wewe!" Mwuza nyama akamkumbatia kinyozi, wakalia, wakacheka kidogo, wakalia. Kisha mwuza nyama akamgeukia mjane.

"Mama, mbona jiwe halina ile namba? Si tuliimaliza sote?"

Mke wa Mjomba alimtazama, akatazama nyumba ilivyojaa, akamimina chai.

"Kunywa kwanza," alisema, akamshikisha kikombe. Hakukuwa na karatasi.