Jasho Ukutani kwa Mama Dorika

Kila asubuhi Asteria aliusugua ukuta wa nyumba yake kwa maji na sabuni, na kila mchana chumvi ilirudi, nyeupe pe, kutoka msingi hadi dirishani. Matofali aliyafyatua mwenyewe kwa udongo wa bure, ule uliotolewa na waokoaji duara la dhahabu, shimo la wachimbaji, lilipotitia. Mwenye duara alisema waliofukiwa ni wanne, na Marselino, mume wa Asteria, hakuwemo. Labda, alisema, alitorokea Chunya na mwanamke. Asteria akabaki si mke wala mjane, maana padri hawezi kumzika mtu aliye Chunya.

Akamwita fundi Herman kutoka Ushirombo.

“Shikamoo, Mama Dorika. Unakosea. Maji ndiyo yanayoivuta chumvi nje.”

“Marahaba. Sasa nifanyeje?”

Herman alifunga mfereji wa bati kwenye paa, akaondoa udongo ulioegemea msingi, kisha akapiga brashi kavu. Unga aliukinga kwa turubai usirudi ardhini. Akaonja kidogo, kama mafundi wafanyavyo.

“Hii si magadi. Ni jasho.”

Asteria naye akaonja. Alikuwa amefua mashati ya mtu yule miaka tisa.

“Ni Baba Dorika,” alisema, akaenda kuinjika ugali, maana fundi alikuwa hajala.

Walipiga brashi siku kumi na mbili. Chumvi ilitoka kwa saa za zamu ya duarani, Jumapili haikutoka. Kisha ikakoma. Wakaipima kwenye mizani ya mpunga: kilo sitini na nane, uzito wa Marselino akiwa ameshiba. Padri akautazama mshale wa mizani, akasema inatosha.

Wakamzika Jumamosi. Mwenye duara alikuja na mchele, kiungwana kabisa, akanawa, akala.

“Poleni sana,” alisema. “Ila kwangu walikuwa wanne.”

“Karibu mboga,” alijibu Asteria.

Akala, akaaga, akaondoka na wanne wake. Hakuna aliyemfuata. Wanawake walikuwa wameshamfunga Asteria kitambaa cha ufiwa, na mmoja akamwita mjane, kwa sauti, mbele ya watu. Asteria akaegemea ukuta mkavu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi akamlilia mumewe kwa haki yote, mpaka majirani wakaridhika.