Kidole cha Benedetta

Benedetta alikuwa na chunjua tatu kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Angeweza kulima nazo, kukamua nazo na kwenda nazo kanisani bila mtu kumwuliza. Taabu ni kwamba Jumamosi alitakiwa kumpa jina mjukuu wake wa kwanza. Kwao Moding, bibi huchovya kidole hichohicho kwenye ajono, pombe ya wimbi, akakitia mdomoni mwa mtoto huku akitaja majina ya waliokwisha kwenda. Jina litakalomfanya mtoto anyonye ndilo lake.

Jumatano akaenda zahanati Malaba. Nesi Sylvia alimwambia chunjua hizo hazikutokana na kugusa chura wala kurogwa. Ni kirusi, kidogo hata jicho halikioni, nacho hupita kutoka ngozi hadi ngozi. Dawa ya kupaka ingechukua wiki kadhaa, na kidole hicho kisiingie mdomoni mwa mtoto.

Kisha Sylvia akasema kirusi hicho kina ndugu wengi. Hawa wa vidoleni ni wasumbufu tu, lakini wako wengine wanaojificha kwenye mlango wa kizazi miaka na miaka mpaka walete saratani, na ndio maana wasichana wa miaka kumi huchanjwa wasiwapate. Benedetta hakuwahi kupimwa. Alipimwa siku hiyohiyo, akaambiwa yuko salama.

Lakini alilia pale kwenye benchi, tena kwa sauti. Sylvia alipotaja dalili za ugonjwa huo, ile damu, ile harufu, yale maumivu ya kiuno, Benedetta alimwona Anyait, mama mkwe wake, aliyemfundisha kupika ajono na ambaye yeye alimuuguza mwaka mzima mpaka mwisho. Watu walisema ni laana. Miaka kumi na tisa imepita na hakuna mtoto wa ukoo ule aliyeitwa Anyait. Benedetta alipanda boda kurudi nyumbani akiwa ameamua kwamba Jumamosi jina hilo litatajwa.

Halafu aibu ikamshika. Atawaonyeshaje watu mkono ule? Akamwambia mwanawe Omuse, baba wa mtoto, kwamba heshima hiyo amempa wifi yake, Atyang, na sababu hakutoa. Alijua fika kwamba Atyang, kwa kuogopa ile laana, hatataja Anyait, ingawa Anyait ndiye aliyemzaa. Yvonne, mama wa mtoto, alisikia habari hiyo akanuna siku tatu.

Jumamosi Atyang alichovya, akataja majina sita. Mtoto aliyatema yote, la mwisho akalitemea kwenye gauni la Atyang. Watu wakacheka, ila Yvonne. Alimgeukia mama mkwe wake aliyekaa pembeni, mkono umefichwa ndani ya leso.

"Mama, huyu mtoto amekukosea nini?" akauliza. "Umemkataa mbele ya watu, na mimi sijui ni kwa nini."

Maneno hayo yalimchoma Benedetta kuliko aibu yoyote. Akaifungua leso, akanyoosha kidole, akaeleza yote ya zahanati. Yvonne aliushika mkono ule, akaugeuza huku na huku kama anayechagua nyanya sokoni, akakunja vidole vyote akabakiza kile kidogo cha mwisho.

"Hiki hakina kitu," akasema. "Nawa na sabuni, Mama. Huyu anataka bibi yake, hajali ni kidole gani."

Benedetta alinawa mara mbili. Kabla ya kuchovya alimtazama Atyang.

"Wifi, mama hakulaaniwa," akamwambia polepole. "Aliugua tu. Ni ndugu wa hiki kirusi changu, na hakuna mtu alikuwa anajua."

Atyang alikuwa bado anafuta gauni lake. Mkono ukasimama. Benedetta alikitia kidole mdomoni mwa mtoto, akafungua kinywa alitaje lile jina, lakini wifi yake alimtangulia.

"Anyait," Atyang akasema, kisha akalirudia kwa nguvu zaidi, yeye ambaye hakuwa amelitamka tangu siku ya mazishi.

Mtoto akanyonya. Alinyonya mpaka Benedetta akahisi fizi zake zimekibana kidole, wala hakuuvuta mkono.