Diski ya Nne

Mume wa shangazi yangu alikuwa na ugonjwa wa kurekodi. Mtaani walimwita Mzee Rekoda, naye akalipenda jina. Habari, mechi, hata vipindi vya mapishi, yeye asiyejua kuchemsha yai, vyote alivihifadhi. Alipofariki aliacha rekoda chini ya televisheni na diski tatu za nje, kila moja ina namba yake kwa wino mweupe.

Miezi miwili baada ya mazishi shangazi akanipigia. Mimi ndiye fundi wa ukoo, kuanzia pasi mpaka simu.

"Mwanangu, nimechoka kuchomoa hii na kuchomeka ile. Nataka zote zikae humo kwa pamoja."

Nilifika saa nne asubuhi. Rekoda ilikuwa na tundu moja tu la USB, kwa hiyo nilibeba kisanduku cha kuligawa, chenye umeme wake, maana diski tatu zingeinyonya rekoda mpaka izimike. Nikachomeka ya kwanza, nikangoja taa itulie. Ya pili. Ya tatu. Nikafungua orodha kwa rimoti.

Diski zilikuwa nne.

Ya nne iliitwa "Mama Watoto". Shangazi hakujaliwa mtoto. Hilo lilikuwa jina la utani la mumewe kwake, wakilicheka wawili tu, miaka thelathini.

"Umeandika wewe?" akauliza.

"Sijagusa kitu, shangazi."

Nikachomoa zote. Tatu zikapotea kwenye orodha, ya nne ikabaki. Nikachomoa na kisanduku chenyewe. Ikabaki. Jua lilikuwa limejaa sebuleni. Nikaifungua kwa rimoti.

Ndani mlikuwa na rekodi moja, iliyoanza siku ya mazishi. Kando yake kitone chekundu kiliwaka: bado inarekodi.

"Icheze," akasema.

Picha ilikuwa nyeusi tii. Zilitoka sauti tu: kijiko kikikoroga kikombe, ndala zikiburuzwa. Kisha sauti ya shangazi mwenyewe: "Nimesahau dawa yako, baba... Ah, dawa ya nini tena."

Shangazi akashika kiti. "Hayo niliyasema nikiwa peke yangu," akanong'ona.

Kikafuata kimya. Halafu, karibu kabisa, mtu akavuta pumzi na kukohoa.

Niliurukia waya wa umeme. Shangazi akanidaka mkono.

"Mwache! Miaka yote alinisikiliza jicho likiwa kwenye televisheni. Sasa ananisikiliza mimi tu."

Nikazirudisha diski zake tatu, nikaondoka hata chai sikunywa. Sikutia mguu pale tena mpaka wiki ya sita, aliponiita mbio. Rekoda ilikuwa imeandika: diski ya nne, nafasi imebaki dakika kumi na mbili. Nikachomeka diski mpya, kubwa, nikajaribu kuihamishia ile rekodi. Ikakataa. Mara ya pili, ikakataa.

"Basi, mwanangu. Nipishe."

Nilisimama uani nikitazama saa. Alipotoka, alikuwa amebeba mkoba wake.

"Ulimwambia nini?"

"Nilinyamaza. Nilimwachia aseme yeye."

"Akasema?"

Akafunga mlango kwa ufunguo, akaujaribu mara mbili.

"Alisema."

Siku hiyohiyo alihamia kwangu. Mwaka sasa unakatika, na nyumba ile hajaikanyaga. Ukimwuliza alichoambiwa, anainuka na kwenda kuosha vyombo, hata kama ni visafi.