Reli ya Rido

Habumugisha, seremala wa Lushebere, alikuwa amechoshwa na meza yake ya msumeno. Ubao wa kuongozea mbao aliupigilia misumari, na kila alipobadili kipimo ilibidi aung'oe, huku akifoka peke yake. Alitaka reli ya alumini ili ubao uteleze. Alipotajiwa bei Goma, aliuliza kama treni nayo imo ndani. Hata mji wa Hombo alikwenda kuulizia, akarudi mikono mitupu.

Jumapili, ameketi sebuleni, akaiona: reli ya rido, lile pazia lililokuwa mlango wa chumba chao cha kulala. Imenyooka, tena ina mfereji katikati.

Kesho yake mkewe Noëlla alipokwenda kuvuna maharage, akaifungua, akaikata vipande viwili, akaifunga mezani. Vichwa vya bolti alizotia kwenye ubao viliteleza humo kama vimepakwa mafuta. Kwa furaha akasahau kwamba siku hiyo ilikuwa zamu yao kupokea majirani wa shirika, jumuiya yao ya kanisa, kwa sala.

Jioni watu kumi na wawili waliimba sebuleni wakitazamana na kitanda kisichotandikwa, na suruali ya juzi ya Habumugisha juu yake.

Walipoondoka, Noëlla alimfuata kwenye atelye, karakana yake. Habumugisha akajiandaa kwa ugomvi. Mkewe akausukuma ule ubao kwa kidole, ukaenda, ukarudi. Akacheka.

"Iko inatembea muzuri, Papa Gentille," akasema, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Miaka kumi na saba unatengenezeya bantu bote milango, na sisi tunalala nyuma ya rido. Sasa tengeneza yetu."