Picha ya Jikoni

Mdogo wangu alinikataza kuiona picha yake kabla ya siku ya tuzo. "Nataka ushtuke, Dada," alisema, na mimi kwa ujinga wangu nikamshonea shati jipya. Mimi ni fundi cherehani. Tangu mama yetu afariki, huyu kijana tunayemwita Brashi amekula na kulala kwangu, na mume wangu hajawahi kumnunia hata siku moja. Nilistahili angalau kuambiwa ninakwenda kutazama nini.

Tuzo ya Taifa ya Wachoraji Chipukizi. Ukumbi umejaa watu wanaoinamisha shingo mbele ya ukuta na kusema "mmh". Mume wangu, aliyetangulia mbele, akarudi mbio akanishika kiwiko.

"Mke wangu, twende nje kidogo."

Nikampita. Kwenye ukuta wa mwisho lilikuwepo jiko langu, na sufuria yangu iliyobonyea, na mimi mwenyewe sakafuni. Tumbo la miezi saba, gauni limepanda mapajani, kitambaa cha kichwa nimekiuma kwa meno, mkono mmoja nimeunyoosha kuelekea mlangoni. Watu walikuwa wakiisifia rangi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao waliutazama wangu na glasi za juisi mkononi.

Nilianguka pale mwaka juzi. Niliita mpaka sauti ikakauka. Jirani alinikuta jioni, alipofuata sketi yake niliyokuwa namshonea. Daktari hakutuficha: ningefikishwa mapema, mtoto angepona. Brashi alirudi baadaye na rangi zake kwenye mfuko, akasema alikuwa mjini tangu asubuhi, akalia kuliko sisi wote. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Kwa hiyo nilidhani amenichora kwa kusimuliwa. Hasira ilinipanda, lakini ilikuwa hasira ya kawaida, ya mtu aliyeanikwa hadharani na nduguye. Nilipanga kumtukana nyumbani, taratibu, nikishashiba.

Halafu nikakitazama tena kile kitambaa. Nilikiuma maumivu yalipozidi, kisha nikakitema nikajifutia damu. Jirani alikikuta chini yangu, kimelowa. Kwamba kiliwahi kuwa mdomoni sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu, kwa sababu niliona aibu. Nikaisogelea picha.

"Umeona nini?" mume wangu akauliza.

Jaji mkuu, mama mmoja mwenye miwani myekundu, akapanda jukwaani akalitaja jina la mshindi. Ni Brashi. Akapanda na shati langu, kifua mbele.

"Watu wananiuliza nimebuni vipi," akasema kwenye kipaza sauti. "Sikubuni kitu. Mchoraji wa kweli anachora alichokiona kwa macho yake."

Makofi yakalipuka. Jaji akawa anafuta machozi. Nilimchukia yule mama, nikamchukia kila aliyepiga makofi, ingawa hawakuwa na kosa.

"Dada yangu yupo hapa," Brashi akaendelea. "Bila yeye nisingefika popote. Dada, njoo!"

Nikaenda. Watu wakanipisha, wengine wakinigusa bega kwa heshima. Brashi akafungua mikono anikumbatie. Sikumkumbatia. Nilikisogelea kipaza sauti, maana nilitaka wote wasikie.

"Siku ile ulisimama mlangoni muda gani?"

Nilingoja akane. Nilingoja aseme aliogopa, au alipagawa, au aliganda pale asijue la kufanya. Uoga ningeuelewa, ndugu yangu ni mwoga tangu utotoni. Lakini yeye aligeuka akaitazama picha, akakunja uso, na nikaona kweli anajaribu kukumbuka.

"Mkono ndio ulionichelewesha, Dada," akasema. "Kila nikiupatia, unausogeza."